Magari Yanayosemezana: Usalama Asioweza Kuununua Mtu Mmoja

Madereva wa barabara kuu wana lugha yao. Lori lililosheheni mzigo linapopanda mlima taratibu, dereva wake huwasha indiketa ya kushoto kumjulisha aliye nyuma kwamba mbele kuko wazi, apite. Akiwasha ya kulia, maana yake ni subiri, kuna gari linakuja. Basi linalotoka upande wa pili huwashawasha taa kubwa kuonya kwamba mbele kuna ajali, au ng'ombe, au askari wa usalama barabarani. Na gari likiharibika kwenye kona, utingo hukata matawi ya miti na kuyapanga barabarani nyuma yake, ili anayekuja kwa kasi ajue kuwa kuna jambo.

Lugha hiyo imeokoa roho nyingi, lakini ina upungufu wa namna tatu. Kwanza, hutegemea jicho, na jicho halioni ng'ambo ya kona wala mbele ya lori. Pili, haikuandikwa popote, kwa hiyo indiketa ileile dereva mmoja huifasiri kuwa ni ruhusa, na mwingine hudhani lori linataka kupinda. Tatu, ni hisani: dereva aliyechoka hunyamaza, na aliye nyuma yake hana njia ya kujua kuwa kulikuwa na neno la kuambiwa.

Kwa zaidi ya miaka 25 wahandisi wa Marekani, Ulaya na Japani wamekuwa wakiitafutia lugha hiyo sauti nyingine, nayo ni sauti ya redio. Wanataka magari yenyewe yasemezane, bila kumsubiri dereva akumbuke. Jambo hili si la nchi za mbali peke yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 walifariki katika ajali za barabarani mwaka 2021, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Katika kila vifo 100 vya namna hiyo, 92 hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu. Tumeona ni vyema kuwaeleza wasomaji wetu mtandao huu unavyofanya kazi, kwa nini umechelewa, na unamhusu vipi mwenye familia anayeagiza gari lililotumika.

Namna magari yanavyosemezana

Gari lenye kifaa hiki hutoa ujumbe mfupi wa redio hadi mara 10 kwa sekunde. Ndani ya ujumbe huo mna mahali lilipo gari kwa kipimo cha setilaiti, mwendo wake, upande linakoelekea, ukubwa wake, na kama breki zimekanyagwa. Hamna jina la dereva wala namba ya gari. Kila gari lenye kifaa kama hicho lililo katika umbali wa mita 300 hivi huupokea. Ujumbe haupiti kwenye mnara wa simu wala hauhitaji bando. Hutoka gari hadi gari moja kwa moja, hata porini ambako simu haishiki.

Kompyuta ndogo iliyo ndani ya gari linalopokea hulinganisha njia ya gari lake na njia za magari mengine yote yaliyo jirani. Ikiona kuwa njia mbili zitakutana baada ya sekunde chache, humwonya dereva kwa mlio na taa. Kazi ya kufunga breki au kugeuza usukani hubaki kwa dereva, ingawa yako magari yanayoweza kujifunga breki yenyewe.

Msomaji anaweza kuuliza: magari ya kisasa si yana kamera na rada? Ndiyo, lakini vyombo hivyo ni kama jicho; huona kilicho mbele yao tu. Ujumbe wa redio unaweza kuzunguka pembeni mwa lori au kutokea upande wa pili wa uzio ambao jicho halipenyi, ijapokuwa kilima au jengo kubwa huudhoofisha. Faida yote ya mtandao huu imo katika kuambiwa habari ya kitu ambacho hujakiona.

Tuchukue mfano wa hesabu. Magari mawili yanaelekeana, kila moja likienda kilomita 80 kwa saa. Kwa pamoja yanakaribiana kwa kilomita 160 kwa saa, yaani takriban mita 44 kila sekunde. Umbali wa mita 300 baina yao humalizika kwa muda usiofika sekunde saba. Sekunde saba ni chache, lakini kwa dereva ambaye ndiyo kwanza anatoa pua ya gari lake ili alipite lori, zinamtosha kurudi nyuma ya lori lile. Asipoonywa, hatajua lolote mpaka taa za mwenzake zimwangaze usoni.

Kazi zake barabarani

Onyo la kulipita gari la mbele ni kazi moja tu. Ya pili ni onyo la breki. Katika msururu wa magari, dereva huona taa za gari lililo mbele yake pekee. Gari la tatu au la nne likifunga breki ghafla, habari humfikia ikiwa imechelewa. Kwa redio, gari la nne humwambia yeye moja kwa moja, kabla hata ya gari lililo mbele yake kupunguza mwendo.

Ya tatu ni onyo la njia panda, pale ambapo ukuta au duka la pembeni humficha anayekuja kutoka ubavuni. Ya nne ni gari la wagonjwa: badala ya kutegemea king'ora peke yake, gari hilo huyajulisha magari yaliyo mbele kuwa linakuja na linatokea upande gani, na panapokuwa na taa za kuongozea magari zenye kifaa cha kupokea, huziomba ziwake kijani. Ya tano ndiyo ile kazi ya matawi ya miti: gari lililokwama hutangaza mahali lilipo, na magari yanayolipita huyarithisha habari magari yaliyo nyuma zaidi.

Mwaka 2014 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilitoa makadirio yake. Ilisema kuwa kazi mbili tu kati ya hizi, yaani onyo la njia panda na onyo la kukata kona mbele ya gari linalokuja, zingeweza kuzuia hadi ajali 592,000 na kuokoa hadi watu 1,083 kila mwaka nchini humo, endapo magari yote yangekuwa na kifaa. Gharama yake ilikadiriwa kuwa kati ya dola 341 na 350 kwa kila gari jipya la mwaka 2020. Tuliangalie vizuri lile neno "yote", kwa kuwa ndilo lililobeba uzito wa maneno hayo, na ndilo lililokuja kuleta mzozo.

Palipojaribiwa

Isidhaniwe kuwa haya ni ya maabara tu. Mwezi Agosti 2012, katika mji wa Ann Arbor, jimbo la Michigan, Chuo Kikuu cha Michigan pamoja na serikali ya Marekani walianza jaribio lililohusisha karibu magari 3,000 ya wakazi wa kawaida, yakiwemo malori na mabasi. Magari hayo yalisemezana katika barabara za kila siku, kwenye mvua na theluji, na mengi ya maarifa yaliyopo leo yalitokana na jaribio hilo.

Japani ilikwenda mbele zaidi. Mwaka 2015 Toyota ilianza kuuza magari yenye mfumo uitwao ITS Connect, unaosemezana na magari mengine na pia na vyombo vilivyofungwa kwenye njia panda, ambavyo humjulisha dereva kuwa kuna gari au mtembea kwa miguu asiyeonekana. Huko Ulaya, Volkswagen iliiweka teknolojia ya namna hii katika Golf ya kizazi cha nane, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2019. Kwa maelezo ya kampuni yenyewe, magari hayo huweza kupashana habari za hatari hadi umbali wa mita 800. Kifaa kinafanya kazi, na wala si cha bei isiyoshikika. Imekuwaje basi, baada ya robo karne, kisienee?

Tatizo la mmoja na wote

Vifaa vingi vya usalama humfaa aliyevinunua. Mkanda humlinda aliyeufunga, hata kama abiria wengine hawakufunga. Kifaa hiki si hivyo. Mtu wa kwanza kukinunua hapati chochote, kwani hakuna wa kusemezana naye. Tuseme gari moja katika kila magari kumi lina kifaa: uwezekano wa magari mawili yanayokutana kuwa navyo yote mawili ni mmoja katika mia. Nusu ya magari yakiwa navyo, uwezekano ni mmoja katika nne. Ni mpaka magari tisa katika kila kumi yawe na kifaa ndipo mikutano 81 kati ya 100 itakuwa na kinga hiyo.

Wasomaji wetu wanaijua faradhi ya kutosheleza, ambayo baadhi ya watu wakiitekeleza, waliobaki huwa wamepata udhuru. Hapa mambo ni kinyume chake: wachache wakitekeleza na wengi wakakaa, hata wale wachache hawanufaiki. Ndiyo maana soko huria limeshindwa kukieneza. Mnunuzi husema, "Kwa nini nilipie kitu kitakachonifaa baada ya miaka kumi?" Mtengenezaji husubiri mnunuzi, na mnunuzi humsubiri mwenzake.

Njia ya kutoka katika mkwamo huo ni sheria inayomhusu kila mmoja. Mwishoni mwa mwaka 2016 NHTSA ilipendekeza kanuni ya kuyalazimu magari madogo mapya yote kuwa na kifaa. Mwaka 2023, kabla pendekezo hilo halijawa sheria, liliondolewa rasmi.

Mzozo wa lugha na wa masafa

Kilichoikwamisha kanuni ile ni mambo mawili. La kwanza ni lugha. Mfumo wa awali ulijengwa juu ya teknolojia iliyo jamaa ya Wai-Fai, na viwango vyake vilipitishwa mwaka 2010. Mwaka 2017 ukaja mfumo wa pili, uliotokana na teknolojia ya simu za mkononi, ingawa nao huweza kupeleka ujumbe gari hadi gari bila mnara. Kila mmoja una watetezi wake, lakini mifumo hiyo miwili haielewani. Magari mawili yanaweza kutumia masafa yaleyale na bado yasisikilizane, mithili ya watu wawili wanaopigiana kelele, mmoja kwa Kichina na mwingine kwa Kijerumani.

China iliuchagua mfumo wa simu, na mwaka 2018 ikautengea masafa. Ulaya ilivutana: Kamisheni ya Ulaya ilipotaka kuuanza na ule ulio jamaa ya Wai-Fai, Baraza la Umoja wa Ulaya lilizikataa kanuni hizo Julai 2019.

La pili ni masafa yenyewe. Mwaka 1999 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliyatengea magari megahezi 75 katika masafa ya gigahezi 5.9. Miaka ikapita na masafa yakabaki karibu matupu, huku mahitaji ya intaneti ya majumbani yakiongezeka. Novemba 2020 tume hiyo iliyagawa upya: megahezi 45 zikapewa Wai-Fai ya kawaida, na 30 zilizobaki zikaachiwa mfumo wa simu. Mfumo wa awali, uliojaribiwa Ann Arbor, ukatakiwa uondoke. Kiwanja kilichokaa bila kujengwa kilipata mpangaji mwingine.

Siri na uongo

Katika nyumba zetu swali la kwanza huenda likawa: je, gari linalojitangaza mara kumi kwa sekunde halitamfichua mwenyewe aendako? Hofu hiyo ina msingi, na waliobuni mfumo waliizingatia. Kila ujumbe hubeba sahihi ya kidijitali inayothibitisha kuwa umetoka katika kifaa halali, lakini sahihi hiyo ni ya jina la bandia, na jina hilo hubadilishwa mara kwa mara. Katika mpango wa Marekani kila gari hupewa vyeti 20 vya namna hiyo kwa wiki moja, likawa linavitumia kwa kupokezana, ili anayesikiliza barabarani asiweze kuziunganisha safari za mtu mmoja.

Sahihi hiyo ina kazi nyingine, nayo ni kuzuia uongo. Asiyekuwa mwaminifu angeweza kutangaza kuwa yeye ni gari la wagonjwa ili apishwe, au kuwa kuna ajali mahali pasipo na ajali. Ujumbe usio na sahihi halali hutupwa, na kifaa kinachobainika kusema uongo hunyang'anywa vyeti vyake. Hata hivyo, mfumo huu ni mwaminifu kwa kadiri ya uaminifu wa wale wanaotoa vyeti. Nchi itakayoupokea itahitaji chombo cha kusimamia vyeti ambacho wananchi wake wanakiamini.

Hapa ifahamike tofauti iliyopo kati ya kifaa hiki na vile vya kufuatilia mwendo wa mabasi, ambavyo hapa Tanzania vinasimamiwa na LATRA. Kifaa cha basi humpelekea msimamizi ofisini taarifa za mwendo, ili dereva mkaidi awajibishwe. Hiyo ni kazi njema, lakini haimwambii dereva wa gari linaloelekeana na basi hilo kwamba kuna basi linakuja.

Gari la Japani katika barabara zetu

Aliyepata kupanda gari lililoletwa kutoka Japani huenda amesikia sauti ya kike ikisema Kijapani mara tu injini inapowashwa. Mara nyingi sauti hiyo hutoka katika kifaa cha kulipia ushuru wa barabara, na inaomba kadi iwekwe. Kifaa hicho ni jamaa wa karibu wa haya tunayoyaeleza. Huwasiliana kwa redio na lango la barabara ili gari lilipe bila kusimama. Kwetu hakina lango la kuzungumza nalo, kwa hiyo huomba kadi kila asubuhi na hakuna anayemjibu.

Kadhalika redio. Gari la Japani linapofika, redio yake hukamata stesheni chache sana, kwa sababu FM ya huko huanzia megahezi 76, na kwa miaka mingi iliishia 90, ilhali yetu huanzia 87.5 hadi 108. Fundi hufunga kifaa cha kubadilisha masafa, na jambo likaisha.

Kwa mfumo wa magari kusemezana, hakuna fundi atakayeweza kumaliza jambo namna hiyo. ITS Connect ya Japani hutumia masafa ya megahezi 760 hivi. Katika eneo la kimataifa la redio linalojumuisha Afrika, megahezi 694 hadi 790 zilikwisha kuoanishwa mwaka 2015 kwa ajili ya intaneti ya simu. Gari la Japani lenye mfumo huo likiletwa huku, haliwezi kusemezana na gari la Ulaya linalotumia gigahezi 5.9, na likijaribu linaweza kuingilia mawasiliano ya simu. Kwa hiyo tunamshauri anayeagiza gari asikubali kuongezewa bei kwa sababu ya mfumo huo; kwa sasa hautamfaa hapa.

Uamuzi usiongojee magari yafike

Mwaka 2019, mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio uliofanyika Sharm el-Sheikh, Misri, ulipitisha pendekezo la kuzihimiza nchi kutumia masafa yaliyooanishwa kwa ajili ya mifumo ya usafiri. Kwa nchi kama zetu, ambazo hazitengenezi magari mengi bali huyapokea yakiwa yamekwisha kutumika, uamuzi huo una uzito maradufu. Magari yetu hutoka Japani, Ulaya na kwingineko, na kila kundi litakuja na lugha yake. Tusipoamua mapema ni lugha ipi na masafa yapi yatumike, na tusipoamua pamoja na majirani zetu, lori litakalotoka Dar es Salaam kwenda Kigali litakuwa bubu likivuka mpaka. Haya ni maswali ambayo mwananchi ana haki ya kuwauliza mbunge wake na wasimamizi wa mawasiliano na usafiri: je, masafa ya gigahezi 5.9 yametengwa kwa ajili ya magari, na mabasi ya abiria, ambayo tayari yamezoeshwa kufungwa vifaa, hayawezi kuwa ya kwanza?

Mabasi na malori ndiyo mwanzo unaofaa, kwa sababu ile hesabu ya mmoja na wote inawapendelea. Ni machache yakilinganishwa na magari yote, yanasajiliwa na kukaguliwa, hukutana barabara zilezile kila siku, na kila moja hubeba roho nyingi au uzito unaoua.

Bado litabaki kundi moja lisilokuwa na kifaa: mwenda kwa miguu, mpanda baiskeli na bodaboda. Wahandisi wamekwisha kulifikiria kundi hili. Sasa kuna aina ya ujumbe ambao gari lenye kamera huyatangazia magari mengine si habari zake tu, bali na habari za mtu liliyemwona kando ya barabara. Mtoto anayevuka kwenda madrasa, akiwa amefichwa na basi lililosimama, hatakuwa na kifaa, na baba yake hawezi kumnunulia. Atakayemwokoa ni dereva asiyemjua, katika gari lililoambiwa na gari jingine kwamba yupo. Kwa hiyo, siku sheria ya vifaa hivi itakapoletwa na wenye magari wakalalamikia gharama, gharama hiyo ihesabiwe pamoja na mtoto huyo.